Cheo cha Jirani Yangu

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa masjala katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kuwapandisha watu kuwa maprofesa. Nikisema hivyo mke wangu huguna. Anajua elimu yangu ilikomea kidato cha nne, na kwamba huko kupandisha kwenyewe kulikuwa kubandika bahasha kwa gundi, kupiga muhuri na kusukuma kigari cha faili hadi chumba cha mikutano. Lakini hakuna mhadhiri aliyepanda cheo bila kupitia kwenye gundi yangu, na mtu akifanya kazi hiyo muda mrefu huanza kujiona.

Utaratibu si mgumu kueleza. Mhadhiri anayetaka kuwa mhadhiri mwandamizi hujaza fomu, akaambatisha makala alizochapisha, majina ya wanafunzi aliowasimamia, kamati alizokalia na huduma aliyoitolea jamii. Kila kitu kina alama zake. Idara inajadili, kitivo kinajadili, kisha masjala inatuma kazi zake kwa maprofesa watatu wa vyuo vingine ambao mwombaji hapaswi kuwajua. Hao watathmini huandika ripoti. Zikirudi zote tatu, kamati kuu inakaa. Zisiporudi, faili inalala. Nimeona faili zikilala mpaka wenyewe wakastaafu.

Wakati wa vikao nilikaa kwenye kiti cha mlangoni ili niitwe karatasi ikikosekana. Pale nilisoma kuliko nilivyosoma shuleni. Niliona kwamba faili nene huingia ikiwa imeshashinda nusu. Mjumbe mmoja aliwahi kuinua nakala mkononi kama anayekadiria kilo ya nyama, akasema, "Huyu amefanya kazi," akairudisha mezani bila kuifungua. Siku nyingine watu wanane wenye shahada za uzamifu walibishana karibu saa nzima kama kuwa mwamuzi wa nyimbo za shule ni huduma kwa jamii au ni burudani. Walimpa nusu ya alama. Niliandika nusu hiyo kwa mkono wangu.

Jirani yangu alikuwa mhadhiri katika chuo hicho hicho. Mtaani walimwita Mwalimu. Alizaliwa katika nyumba ile ile anayoishi, nyumba ya baraza la jiji aliyopangishwa baba yake, mchongaji vinyago aliyetoka Ukambani. Yangu alipangishwa baba yangu, aliyetoka magharibi kuja kutafuta kibarua Industrial Area. Ukuta wetu ni mmoja. Mwalimu akikohoa, mke wangu humwambia pole bila kuinuka kitini.

Alipopata shahada ya uzamifu watu walidhani atahama avuke upande ule mwingine wa mji. Hakuhama. Kinyozi wa pale kona alimwambia siku moja nikiwa nangoja zamu yangu, "Mwalimu, hizo digrii zako zinaamka asubuhi zinaulizana, kwani bado tuko huku?"

"Zimezoea," Mwalimu akajibu. "Wewe nyoa, usiziamshe."

Utafiti wake ulikuwa kuhusu wauza mbuzi wa soko la Kiamaiko. Alitaka kujua inakuwaje mtu anamwachia mgeni mbuzi ishirini bila kuandikiana, na mgeni huyo anarudi. Alikuwa akitoka huko na viatu vinanuka, anaviacha nje ya mlango, kisha anaandika. Alipoomba cheo mara ya kwanza, mjumbe mmoja aliuliza kama kazi hiyo haikufaa kupelekwa kwa watu wa mifugo. Alipoomba mara ya pili, mwongozo wa alama ulibadilishwa faili ikiwa njiani, na majarida yaliyokuwa na alama mwezi wa pili hayakuwa nazo mwezi wa sita. Kila Jumamosi alikuwa akiwafundisha hesabu watoto wa mtaa katika ukumbi wa kanisa bila malipo. Hilo halikupata alama yoyote, kwa sababu barua ya kulithibitisha ilikuwa na muhuri wa kanisa na mwongozo ulitaka taasisi iliyosajiliwa.

Mara ya tatu alikuja na kila kitu. Niliipokea faili yake dirishani kama ya mtu yeyote. Hakunikonyeza, hakuniambia, "Jirani, niangalie." Alichukua stakabadhi yake, akasema asante, akaenda zake. Nakiri kwamba iliniuma kidogo.

Idara ilimpitisha, na kitivo pia. Nilibandika bahasha tatu. Ripoti mbili zilirudi, na nilijua ni nzuri kwa jinsi mkuu wa masjala alivyoziweka ndani ya faili bila kuvuta pumzi. Ya tatu haikuja. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Kikao cha kamati kilikuwa kimebakiza wiki tatu, na hakuna aliyejua kingine kingekuwa lini. Mwalimu alikuwa na miaka hamsini na sita. Vijana aliowafundisha walikuwa wameshampita, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mkuu wa idara yake.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo msomaji wa mtaani analijua, ila maprofesa wale hawakulijua. Kwetu karatasi haitembei yenyewe. Ukiomba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au mita ya maji, lazima mtu afuatilie. Anakwenda ofisini, anamsalimu karani, anamwuliza nyumbani ni wapi, kisha anasema, "Huyu ni mtu wangu, namjua, ni mtu mzuri." Hakuna hongo hapo. Ni adabu. Asiyefuatiliwa na yeyote anaonekana hana watu. Mimi nilikuwa nimefuatilia vyeti vya nusu ya mtaa, na nilisifiwa kwa hilo. Nikaona vibaya kwamba faili ya jirani yangu imelala mezani kwangu mwenyewe, na mimi nimekaa tu.

Nikanakili nambari ya yule profesa wa tatu kutoka kwenye karatasi ya siri iliyokuwa ndani ya faili. Saa ya chakula cha mchana nilitoka, nikaenda kusimama nyuma ya kantini, nikampigia kwa simu yangu.

"Shikamoo, profesa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni jirani tu, profesa. Jirani ya yule mhadhiri wa mbuzi. Ile kazi yake uliyotumiwa."

"Umejuaje kwamba nimetumiwa?"

"Nairobi ni ndogo, profesa," nikasema, na nilifurahia jibu langu. "Nilikuwa naomba tu umkumbuke. Ni mtu mzuri sana. Anafundisha watoto wetu. Halewi. Kikao kinakaribia, na amengoja miaka mingi."

"Yeye ndiye amekutuma?"

Hapo palikuwa pa kusema hapana. Palihitaji neno moja tu. Lakini katika kufuatilia kwetu, ukisema mwenyewe hajui, unaonekana mtu wa kujipachika. Kwa hiyo nikasema, "Profesa, sisi ni kama ndugu."

"Nimekusikia," akasema, akakata.

Nilirudi ofisini nimenyooka. Ofisa wa mtaani akisema amekusikia, mambo yamekwisha. Jioni nilimkuta Mwalimu akipanguza viatu mlangoni, nikashindwa kuzuia mdomo.

"Ile kitu yako nimeisukuma."

Akaacha kupanguza. "Umeisukuma vipi?"

"Wewe wacha tu."

"Jirani, nakuuliza. Umeisukuma vipi?"

"Mambo ya ofisi," nikasema, nikaingia kwangu kama mtu mkubwa. Mke wangu alikuwa ameyasikia yote kupitia dirishani. Nilipomweleza aliweka mwiko chini.

"Wewe umempigia profesa kama mtu anayeulizia kitambulisho kwa chifu?"

"Kuna tofauti gani?"

"Chifu anataka kujulikana ana watu. Huyo ameambiwa asijulikane." Mke wangu alitoka shule darasa la saba. Niliona haelewi mambo ya chuo kikuu.

Bahasha ilifika siku ya tano. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezitoa nakala, nilizisoma zote. Ya kwanza ilikuwa ripoti, kurasa nne, iliyotiwa sahihi wiki moja kabla ya simu yangu. Ilikuwa imekwisha zamani, ikingoja katibu wake aipeleke posta. Sijawahi kuona mtu akisifiwa namna ile. Ilisema kazi ya Mwalimu ingepaswa kusomwa na kila mtu anayeandika kuhusu biashara za miji yetu, na kwamba ilikuwa ajabu mtu huyu hakuwa profesa tayari. Karatasi ya pili ilikuwa fupi. Ilisema kwamba baada ya kuandika ripoti hiyo alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa jirani na kama ndugu wa mwombaji, akimshawishi kwa niaba yake. Alisikitika, lakini uaminifu haukumruhusu kunyamaza. Aliiachia kamati iamue.

Nilisimama pale kwenye mashine ya nakala mpaka karatasi zikaisha, ikaanza kulia.

Kamati ilimwita Mwalimu. Aliingia na koti lake la kahawia, akakaa kwenye kiti cha waombaji, nami nikiwa kwenye kiti changu cha mlangoni, hatua nne nyuma yake. Mwenyekiti alimsomea barua.

"Ni kweli uliwatuma watu?"

"Si kweli."

"Huyu jirani ni nani?"

Mwalimu hakugeuka. Niliona shingo yake tu, na kola iliyogeuzwa na fundi ili upande uliochakaa ukae ndani.

"Mwenyekiti," akasema, "naishi katika mtaa wa baraza. Majirani nilionao ni wengi kuliko watu wa kitivo changu. Siwezi kuieleza simu ambayo sikuipiga mimi."

"Lakini mtu huyo alizijua siri za chuo."

"Hilo linafaa waulizwe waliokuwa na siri hizo."

Mle chumbani walikuwamo watu ambao nilijua kwa macho yangu kwamba walikuwa wamewahi kutaja majina ya watathmini kwa wapendwa wao. Mtu mmoja aliyepandishwa kikao kile kile aliwahi kuwaalika watathmini wake wawili kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake, na wakala ubavu pamoja na mjumbe mmoja wa kamati. Hilo liliitwa uhusiano wa kitaaluma. Kumtafuta aliyevujisha jina kungegusa watu wengi, kwa hiyo hakuna aliyetaka kumtafuta. Na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutazama mlangoni. Watu wanane waliosoma kiasi kile, na haikuwapitia akilini kwamba karani naye ana nyumba, na nyumba ina majirani.

Mwenyekiti aliinua mkono. Nikasimama.

"Tuletee chai," akasema.

Nikaleta chai.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Niliwaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu na ningefukuzwa. Ni kweli ningefukuzwa. Lakini nikiwa peke yangu najua haikuwa hiyo. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu ambao kwa miaka yote nilijihesabu kuwa mmoja wao.

Ombi lake lilikataliwa. Alizuiwa kuomba tena kwa miaka mitatu, na faili yake ikatiwa karatasi ya onyo kwamba alijaribu kumshawishi mtathmini. Barua hiyo niliiandika kwa mashine mimi, nikaibandika mimi, na kwa kuwa ilitakiwa apewe mkononi, nikampa mimi. Alitia sahihi kwenye kitabu changu.

"Asante, jirani," akasema.

Miaka mitatu ilikwisha. Ikaja mingine ambayo vyeo vyote vilisimamishwa. Nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani. Karatasi zikaondolewa, maombi yakawa ya kwenye kompyuta. Muda wote huo Mwalimu hakuninyima salamu hata siku moja, na hilo lilikuwa gumu kubeba kuliko matusi. Mke wangu aliugua, na Mwalimu ndiye aliyempeleka hospitali nikiwa shambani magharibi. Hakunitajia ile simu, wala mimi sikumtajia.

Mwaka jana mke wake alimwambia mke wangu, wakiwa wanachagua mboga, kwamba maombi yamefunguliwa tena ila Mwalimu hataomba. Kompyuta ilikuwa ikiuliza, umewahi kuchukuliwa hatua ya nidhamu? Alitakiwa kubofya ndiyo, kisha aeleze. Alisema hataki kueleza. Alikuwa na miaka sitini na tatu.

Mke wangu alirudi na mboga akaziweka mezani.

"Atastaafu hivyo hivyo," akaniambia. "Na hataki kueleza. Unajua ni nini hataki kueleza?"

"Najua."

"Basi eleza wewe. Una mdomo. Tuliuona ulipompigia profesa."

Niliandika kwa siku mbili. Nilikuwa nimeandika barua za watu maisha yangu yote, na hiyo yangu ilijaa kurasa tatu. Nilivuka ua, nikampelekea aisome kwanza, kwa kuwa ilikuwa inamhusu. Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, nadhani kwa mazoea tu. Alisoma ukurasa wa kwanza bila kuugusa. Kwenye wa pili akaanza kupiga mistari.

"Hapa umeeleza kwamba nia yako ilikuwa njema."

"Ilikuwa njema."

"Toa."

"Mwalimu, lakini ni ukweli."

"Ni ukweli wako. Kamati haina haja nao, na mimi pia sina." Akaendelea. "Hapa umesema utamaduni wa mtaani ni kufuatilia. Toa. Wataandika kwamba sisi watu wa huku Eastlands ndivyo tulivyo. Na hapa umewataja waliokula ubavu. Toa hiyo pia."

"Hao ndio wangefaa kutajwa."

"Sikatai. Lakini barua hii ni ya kukiri ama ya kushtaki?"

Ilibaki nusu ukurasa, yenye maneno haya tu: Nilipiga simu. Nilichukua nambari kwenye faili. Mwombaji hakunituma na hakujua. Nilikuwa chumbani alipoulizwa, nikanyamaza. Alipofika hapo alivua miwani, akaitazama karatasi kwa muda.

"Hii sentensi ya mwisho ni nzuri," akasema. "Ungeisema siku ile ingekuwa bora zaidi."

Hilo ndilo neno pekee alilowahi kuniambia kuhusu siku ile. Nilishukuru hakungoja jibu.

Niliipeleka mwenyewe. Nilishukia Muthurwa nikatembea, nikangoja kwenye dirisha ambalo zamani nilikuwa upande wake wa ndani. Binti wa masjala alisema mfumo hauna mahali pa kupokea barua ya aina hiyo. Ulikuwa na mahali pa makala, vyeti na picha ndogo. Nilimwambia aipige muhuri tu, nafasi ya kwenye kompyuta wataitafuta wenyewe. Hakutaka. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa kumi, na siku iliyofuata pia, mpaka mkuu wake akatoka kuuliza huyu mzee ni wa nani. Muhuri ukapigwa.

Waliniita baada ya mwezi. Safari hii nilikalishwa kwenye kiti cha waombaji. Mwenyekiti mpya, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliniuliza siku ile nilikuwa nimekaa wapi. Nikamwonyesha mlango. Kijana fulani alikuwa amekaa pale na faili mapajani, akainamisha kichwa upesi. Mwenyekiti aliniuliza kama naelewa kwamba nilimharibia mtu kazi ya maisha yake. Nikasema naelewa. Akauliza kama nina la kuongeza, nami nilikuwa nayo mengi, nikasema sina.

Karatasi ya onyo iliondolewa. Mwalimu aliomba, kazi zake zikatumwa kwa watu ambao siwajui, na miezi mingi baadaye jibu likaja. Nililisikia kupitia ukutani. Mke wake alipiga kigelegele kimoja, akakikatiza kama aliyekumbuka umri wake. Mke wangu alitaka twende mara moja. Nilivaa shati safi kwanza.

Mwalimu alinipa barua niisome. Mhadhiri mwandamizi, kuanzia tarehe ya kikao. Niliisoma mara mbili, kwa sababu barua za namna hiyo nilizijua kama kiganja changu, na kulikuwa na tatizo. Mtu haombi kuwa profesa mshiriki mpaka awe amekaa miaka kadhaa katika cheo hicho. Kwa tarehe hiyo, miaka yake ya kazi iliyobaki haikutosha tena. Angestaafu na cheo hicho hicho. Lakini kama cheo kingehesabiwa kuanzia kile kikao cha zamani, siku ripoti zake zote tatu zilipokuwa nzuri, angekuwa na miaka ya kutosha na ya kubakiza.

"Mwalimu," nikasema, "hii tarehe inaweza kurudishwa nyuma. Kuna kifungu. Mimi naweza kuandika barua ndogo tu, ya kuwakumbusha..."

Mke wangu alinitazama. Mwalimu akaichukua barua yake mkononi mwangu, taratibu, akaikunja.

"Kuna kifungu, nakijua," akasema. "Nimeshaomba mwenyewe. Wamekataa."

Kisha akamwita mke wake alete kikombe kingine, akaniambia nikae.